Chopa iko, spea hakuna: wenye karakana waombe nini bungeni?

"Salaam mtaalamu. Niko na karakana ndogo hapa Industrial Area, tunatengeneza gasketi, sili za mpira na vitu vya bati, tuko watu tisa. Wateja wangu ni viwanda vya maziwa na kampuni moja ya kurekebisha ndege pale Wilson. Sasa kikundi chetu cha wenye karakana kinataka kupeleka memoranda bungeni wakati wa bajeti, kuomba jeshi linunue hapa nyumbani. Kijana wangu ametoa kwa mtandao mapendekezo ya vyama vya viwanda vya ndege na silaha vya Marekani. Wanataka bajeti ipite kwa wakati, mikataba iwe ya miaka mingi, makaratasi ya ununuzi yapunguzwe, sheria za kuuza nje zilegezwe, la sivyo eti jeshi halitakuwa tayari. Nusu ya kikundi wanasema tubadilishe tu jina tuweke Kenya. Nusu wanasema hao ni mabwenyenye wanaotafuta pesa ya umma, tukiwaiga tutaonekana wezi. Kwani bajeti ikichelewa ndege inakataa kuruka? Na sisi wadogo tuombe nini?"

Ndugu yangu, salaam kwako na kwa hao watu wa karakana. Swali lako limenifurahisha manake wengi huniuliza tu ndege gani ni kali kuliko gani, na mazungumzo hayo hayajawahi kunisaidia hata siku moja. Nikikusikia vizuri, mnaogopa kuiga watu ambao pengine wanajitafutia, na hapo hapo mnaogopa kutupa maneno ya kweli eti kwa sababu yametoka kwa mdomo wa tajiri. Mimi naona nusu zote mbili za kikundi chenu ziko na haki yao. Hao wenye viwanda wakieleza ugonjwa huwa wanasema kweli, tena kwa undani, kwa sababu wanauona kwenye stoo na kwenye akaunti kila siku. Wakifika kwa dawa ndio ufungue macho, maana wao ndio wenye duka la dawa.

Kwanza tutoe njiani hii hesabu ya ndege. Watu wakisikia utayari wa jeshi, hata wabunge kadhaa, wanahesabu vyombo, tuko na ngapi na jirani ako na ngapi. Cha kuuliza ni hiki: leo alfajiri, kati ya zile ulizonazo, ngapi zinaweza kutoka zikafanya kazi zikarudi, na uko na marubani wangapi walioruka wiki hii na sio mwaka jana. Chukua ndege ya kivita ya F-35, mradi wa silaha wa bei ghali kuliko yote Marekani. Septemba 2023 wakaguzi wa bunge lao, GAO, waliandika kwamba kufikia Machi mwaka huo ni kama asilimia 55 tu ya ndege hizo zilikuwa zinaweza kutumwa kazini, na vipuri zaidi ya 10,000 vilikuwa vinangoja kurekebishwa. Na hiyo ni nchi yenye pesa bana. Ndege ziko, zimelipiwa, zimekaa. Sisi hapa tuliyaona hayo hayo kwa upande wa hospitali, ile mitambo ya kukodisha ya kaunti iliyoanza 2015, kuna mahali mtambo ulikaa kwa boksi kwa sababu hakuna stima ya kutosha ama hakuna mtu wa kuuendesha.

Sasa hili la bajeti. Bajeti ikichelewa ndege haikatai kuruka siku hiyo, inakataa baadaye, na wakati huo kila mtu ashasahau ilianzia wapi. Marekani mwaka wa serikali unaanza 1 Oktoba. Bunge lao lisipomaliza bajeti linatoa ruhusa ya muda, endeleeni kutumia kiasi cha mwaka jana. Ukisikia hivyo unaona si mbaya, mpaka usome masharti: mradi mpya hauanzi, na kile kiwanda kilichopangiwa kuongeza kasi hakiongezi, hata kama kila mtu anajua pesa itakuja. Kwa hivyo fundi aliyekuwa aajiriwe Oktoba anaajiriwa Machi, kama bado anapatikana. Na hii sio ajali ya mwaka mmoja. Tangu utaratibu wao wa sasa uanze katikati ya miaka ya 1970, wamemaliza bajeti zote kwa wakati mara nne pekee, zile za 1977, 1989, 1995 na 1997. Kwa hivyo Aerospace Industries Association, kimojawapo cha hivyo vyama vya viwanda, cha tangu 1919, kikirudia wimbo huo wa bajeti ipite kwa wakati mwaka nenda mwaka rudi, hakijatunga.

Ukitaka kuona kabisa, rudi 2013. Makato ya lazima ya bajeti yaliingia, na Aprili jeshi lao la anga likaambia karibu theluthi moja ya vikosi vya kivita visiruke. Hakuna ndege iliyokuwa imeharibika, kilichokatwa ni pesa ya saa za kuruka. Julai pesa iliporudi hawakuweza kuamka tu waendelee pale walipoachia, kwa sababu rubani aliyekaa chini miezi mitatu lazima arudishwe polepole, kutua usiku, kujaza mafuta angani, kulenga, na yule wa kumfundisha naye alikuwa amekaa. Fundi vilevile, mkono wake umepoa.

Hiyo ya mikataba ya miaka mingi ndio wengi hawaielewi, na wewe ndio unaweza kuielewa kuliko hata hao wabunge. Kabla Urusi haijavamia Ukraine 2022, Marekani ilikuwa inatengeneza makombora ya mizinga ya milimita 155 kama 14,000 kwa mwezi. Vita vikaonyesha hiyo ni ya kuonja tu, wakapanga kufika 100,000 kwa mwezi. Pesa ilipatikana haraka, bunge lao likikubali jambo la namna hiyo halibani mkono. Makombora hayakuja haraka. Chuma kinafinyangwa Scranton kule Pennsylvania, kinapelekwa kujazwa baruti Iowa, na ile baruti ya TNT kumbe waliacha kuitengeneza kwao tangu 1986, wakawa wananunua nje, Poland ikiwemo. Ukifunga kiwanda kwa miaka zaidi ya thelathini huwezi kukifungua kwa kuandika cheki.

Sasa kwa kipimo chako. Mtu akikuletea sili ya pampu ya haidroliki ya ile jeki ya kuinulia ndege, anataka 40, wewe kwanza unachonga moldi ya chuma, unatafuta mpira wa naitraili wa kiwango kile, unapika, unakata, unatupa zile za kwanza. Moldi peke yake inakula pesa kuliko sili zote 40. Ukiambiwa ni 40 kila mwaka kwa miaka mitatu bei inashuka na kijana mmoja unamwajiri, lakini ukiambiwa ni 40 halafu tutaona, unapandisha bei ama unakataa kazi. Na huwezi kusema basi jeshi linunue nyingi mara moja liweke. Angalia pakiti yoyote nzuri ya sili za ndege, imepigwa muhuri wa robo ya mwaka ambayo mpira ulipikwa, kitu kama 3Q19, yaani robo ya tatu ya 2019, na uzee wake unahesabiwa kutoka hapo hata kama pakiti haijawahi kufunguliwa. Stoo iliyojaa mpira uliozeeka ni stoo tupu, tena mbaya zaidi, kwa sababu kwa karatasi inaonekana imejaa. Kwa hivyo jeshi linahitaji mtu wa kupika kidogo kidogo kila mwaka, na mtu huyo hawezi kulisha familia kwa oda ya kubahatisha. Hapo wenye viwanda wako sawa asilimia mia, na kama mtaiga kitu basi igeni hicho.

Lakini sasa dawa. Februari 2019 mkaguzi mkuu wa wizara ya ulinzi ya Marekani alipitia vipuri 47 vilivyouzwa na kampuni ya TransDigm, akakuta 46 vimeuzwa kwa faida iliyopita kiasi, kimoja faida yake ilipita asilimia 4,000. Kampuni ikarudisha dola milioni 16.1. Hakuna aliyevunja stoo usiku. Vipuri vilikuwa vya muuzaji mmoja, oda ni ndogo ndogo, na kwa oda ndogo sheria haikumlazimisha muuzaji kuonyesha gharama yake. Kwa hivyo ukisoma "punguzeni makaratasi ya ununuzi" uliza ni karatasi gani hiyo, kuna ile inayomchelewesha fundi bure na kuna ile inayomzuia mtu kukuuzia boliti kwa bei ya ng'ombe. Halafu mwaka 2025 kulikuwa na pendekezo kwamba jeshi lao lipewe haki ya kupata michoro na vifaa vya kurekebisha vyombo vyake lenyewe, vyama vya viwanda vikapinga, na sheria ikapita mwisho wa mwaka bila kifungu hicho. Ukiunganisha na zile ndege za asilimia 55 utaona ajabu yake, kwa sababu moja ya vitu GAO ilisema vinazirudisha nyuma ni jeshi kumtegemea mno mkandarasi na kukosa data ya kiufundi. Huo ugonjwa kwenye mapendekezo yao hutauona umeandikwa kwa herufi kubwa. Wala hawatakukumbusha kwamba kampuni kubwa za kazi hiyo zilikuwa 51 miaka ya 1990 zikaungana mpaka zikabaki 5, hesabu ambayo wizara yenyewe iliitoa Februari 2022. Kampuni zikiwa tano, serikali haina pa kwenda.

Tuje nyumbani. Hapa kwetu bajeti haina shida hiyo ya kukwama bungeni, mwaka wetu unaanza 1 Julai na mara nyingi kufikia hapo imepita. Sisi ugonjwa uko mbele kidogo: pesa imepitishwa lakini Hazina haijaitoa, inatoka kwa matone, halafu Mei na Juni kila idara inakimbia kununua kabla kibali hakijafa 30 Juni. Mtu ananunua kinachopatikana wala si kinachohitajika. Na muuzaji analeta mzigo, anapewa karatasi, anangoja. Madeni ya wakandarasi yamerundikana mpaka 2023 serikali ikaunda kamati ya kuyahakiki, mengine ni ya tangu 2005. Kwa hivyo mkibadilisha jina tu mkaweka Kenya mtakuwa mnaomba dawa ya ugonjwa ambao hatuna, na huu tulio nao mmeuacha.

Kitu kingine, vyombo vyetu vya kuruka vingi ni vya kununua nje ama vya kupewa, na vimechanganyika. Laikipia kuna ndege za kivita za F-5 ambazo muundo wake ni wa kabla wewe na mimi hatujajua kusoma. Januari 2020 jeshi letu, KDF, lilipokea helikopta sita za MD 530F, wakati Hughes 500 za zamani bado ziko. Mei 2024 Marekani ikatangaza itatupatia helikopta 16, Huey nane na MD-500 nane. Mimi sikatai cha kupewa. Lakini kila aina ya chombo ni injini yake, stoo yake, kozi yake ya mafundi, na vipuri pamoja na michoro ya silaha za Marekani viko chini ya sheria zao za kudhibiti uuzaji wa silaha nje, kama ile ya ITAR, maana yake mara nyingi kuna barua ya ruhusa kutoka Washington hata kwa kitu ambacho wewe unaweza kukichonga mchana mmoja. Na usiseme nitaiga tu hii ya zamani. Mteja wako wa Wilson atakuambia, kipuri cha ndege bila karatasi ya kukiachilia, yaani ya kuthibitisha kinafaa kufungwa kwa ndege, kama ile 8130-3 ya Wamarekani, ni chuma chakavu hata kikiwa kinang'aa. Sili yako inaweza kuwa nzuri kuliko ya dukani na bado isiruhusiwe kukaribia ndege, na mimi nasema ni sawa kabisa isiruhusiwe, mpaka ipimwe.

Na huyo anayesema mtaonekana wezi msimcheke, ana kumbukumbu. Mkataba wa meli ya jeshi letu la majini, KNS Jasiri, ulitiwa saini 2003, meli ikaingia Mombasa 2012, katikati hapo ni kelele za mikataba ya siri ya usalama. Sheria ya Ununuzi ya 2015 bado inaacha mlango wa ununuzi wa siri kwa vitu vya ulinzi, na kuna vitu lazima viwe siri, hilo nakubali. Gasketi si mojawapo.

Kwa hivyo muombe nini? Kama ningekuwa kwa hicho kikao chenu ningeacha kabisa kuomba pesa iongezwe. Ningeanza na malipo: muuzaji mdogo alipwe kwa siku zinazojulikana, manake bila hiyo mengine yote ni hadithi, mkopo wa benki utakumaliza kabla jeshi halijakulipa. Halafu ningeomba wizara itoe orodha ya vitu vya kawaida inavyotarajia kununua kwa miaka mitatu, vile visivyo na siri yoyote, sili, hozi, gasketi, vibanda vya bati, troli, sehemu za jenereta, mahema, ili mtu ajue moldi gani ichongwe. Tatu, na hili ndilo ningelipigania zaidi, kila serikali inaponunua ama kupokea chombo kipya iulize michoro na haki ya kurekebisha siku hiyo hiyo ya kutia saini, kwa sababu hiyo ndiyo siku pekee muuzaji anakuchekea. Ukirudi baada ya miaka kumi bei ni yake. Nne, mahali pa kupimia. Karakana moja haiwezi kununua mashine ya kupima mpira kwa joto na shinikizo, lakini kama kuna maabara ya umma inayofungua milango, karakana thelathini zinaweza kuitumia kwa kulipia.

Upendeleo wa bidhaa za nyumbani je? Hapa tuongee ukweli. Sheria tayari inautambua, na kuna asilimia 30 ya tenda za vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, kwa hivyo kuomba sheria mpya ni kupoteza karatasi. Tena upendeleo mtupu una hatari yake, mtu anasajili kampuni, anaagiza sili China, anabandika jina la Kariobangi, anauza kwa bei mara tatu. Wewe uliyewekeza kwa mashine ndio utaumia kwanza, na mwanajeshi aliye kwa hiyo gari ataumia pili. Ombeni upendeleo ufungwe kwa kipimo, aliyepita kipimo ndio apendelewe.

Na msianze na kitu kinachoruka. Najua ndio kinachosisimua. Anzeni na vya ardhini, jeki, troli, trela za maji, magari, jenereta, hapo kosa linaleta hasara na kelele, halileti mazishi. Kuna pia viwanda vya serikali vyenyewe, cha risasi Eldoret, cha bunduki Ruiru kilichofunguliwa Aprili 2021 na kusemwa kinaweza kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka, na Kenya Shipyards wanaounda meli Kisumu. Watu wa kikundi wanaviona kama washindani, mimi naviona kama wateja, mashine zao zinavuja mafuta kama mashine zingine. Ila nikuambie wazi, oda za jeshi letu si kubwa kihivyo. Zinaweza kuwa mguu wa tatu wa karakana yako, usizichukulie mkopo kama ndio mguu wa kwanza, maziwa ndiyo yanakulisha.

Memoranda yenyewe iwe fupi, kurasa mbili tatu, na sentensi ya kwanza iseme sisi tunauza vitu hivi na tutafaidika mkikubali. Mkijisema wenyewe hakuna wa kuwafichua. Wekeni mfano wenu halisi, oda hii ilikuja tarehe hii, moldi iligharimu hivi, tulilipwa baada ya muda huu, bila kutaja mteja kama hamna ruhusa. Na angalieni kalenda, Taarifa ya Sera ya Bajeti inafika bungeni kufikia 15 Februari na makadirio kufikia 30 Aprili. Wengi wanaamka Juni wakati kila shilingi ishapata mwenyewe. Februari ndio mlango wenu, mpelekee kamati ya ulinzi na nakala kwa kamati ya bajeti.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama mnataka kuingia kwa vipuri vya ndege hata vya kiraia, nendeni mkaketi na watu wa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, pale JKIA kabla hamjanunua mashine hata moja, wao ndio watawaambia idhini gani inahitajika na itawachukua muda gani. Mambo ya viwango vya mpira na mfumo wa ubora, nendeni shirika la viwango, KEBS, pale South C. Mkipewa mkataba wowote wenye maneno ya siri za ulinzi ndani, tafuteni wakili anayejua ununuzi wa umma na asome kila ukurasa kabla kalamu haijaguswa, manake mengine yanakufunga mdomo hata ukidai malipo yako. Na mtu akikupigia kwamba ana mtu wake Ulinzi House na anahitaji "kitu kidogo" ili uwekwe kwa orodha, hiyo namba ipeleke kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, pale Integrity Centre, usijibizane naye, usimtumie hata ya chai.

Wakati mnangoja Februari, keti na yule mteja wako wa Wilson, mwambie akuandikie sili kumi zinazomfanya angoje zaidi kutoka nje, zile za vifaa vya ardhini kwanza. Ukizileta hapa na vipimo vyake nitakuangalizia gani inafaa kuchongewa moldi.